Sensa ya mlango wa jikoni inamaliza betri kila miezi miwili, wenzake mwaka wa pili huu. Mchawi nani?

#1 Baba Pacha

Wakuu salaam, niende moja kwa moja.

Nyumba iko Madale. Alamu yangu ni ya zile zisizo na waya: paneli sebuleni, sensa nne za mwendo, sensa tano za milango na madirisha, king'ora cha nje, rimoti mbili. Kila sensa inatumia betri moja ya CR123A. Fundi alifunga mwanzoni mwa mwaka jana. Sensa nane mpaka leo zina betri zilezile alizoziweka yeye. Ya tisa, ya mlango wa jikoni, ambayo paneli inaiita zoni ya 5, nimeibadilishia mara sita. Kila miezi miwili hivi inaanza kulia njaa.

Juzi saa tisa usiku paneli ikaanza pii... pii... simu nayo ikaleta ujumbe kwamba zoni ya 5 betri imeshuka. Nikaenda peku na bisibisi, gizani, nisiamshe watu. Kuinua kifuniko tu, king'ora cha nje kikapasuka. Jirani katoka na panga na taulo. Pacha wanalia. Mama mkwe, anayeishi nasi, alitoka na rozari mkononi, na tangu siku hiyo salamu zake kwangu zimekuwa fupi.

Swali langu: kwa nini hii moja tu?

#2 Shikamoo Chuma

Nimefungua uzi nikidhani ni sensa ya watu na makazi. Nilihesabiwa 2022, sina deni.

#3 Dogo Kinyozi

Mama mkwe anatoka usiku kupitia jikoni. Kila akifungua, betri inaliwa. Kesi imekwisha, uzi ufungwe.

#4 Koleo Bovu

Mkuu, tuanze na king'ora, maana hilo ni kosa la wengi. Ndani ya kila sensa kuna kiswichi kidogo cha springi kinachobanwa na kifuniko. Ukiinua kifuniko kinaachia, na paneli inaelewa kuna mtu anachokonoa. Hicho kinafanya kazi saa 24, hata kama umezima alamu kwa rimoti. Kabla ya kugusa sensa ingia kwenye menyu ya paneli, iweke kwenye hali ya matengenezo, ndipo ufungue.

La pili, ukitoa betri ya zamani usikimbilie kupachika mpya. Subiri dakika moja, au bonyeza kile kiswichi mara tano sita ili kapasita imalize umeme uliobaki. Usipofanya hivyo sensa nyingine hazitambui kwamba umebadilisha, zinaendelea kulalamika na betri mpya mdomoni.

La tatu ndilo jibu lako: betri unazonunua ni feki. Bei gani?

#5 Baba Pacha

Buku tatu na nusu, Kariakoo. La kiswichi asante, ningelijua juzi.

#6 Koleo Bovu

Buku tatu na nusu kwa CR123A? Nimemaliza.

#7 Binti Hesabu

Hujamaliza, Koleo. Baba Pacha, ile betri ya kwanza kabisa, aliyoweka fundi jikoni siku moja na zile nane, iliishi muda gani?

#8 Baba Pacha

Nayo miezi miwili na siku kadhaa. Nakumbuka kwa sababu nilimpigia fundi kulalamika, akasema "itakuwa ilikaa sana dukani".

#9 Binti Hesabu

Basi feki peke yake haitoshi. Betri tisa za pakiti moja, nane zinaishi mwaka na zaidi, moja inakufa kwa miezi miwili, tena mlangoni palepale ambapo na zilizofuata zimefia. Tatizo liko kwenye sensa au mahali ilipo.

Hesabu: CR123A nzima ina kama miliampea-saa 1500. Miezi miwili ni karibu saa 1500. Kwa hiyo sensa yako, kwa wastani, inanyonya miliampea moja mchana na usiku. Sensa iliyolala inatakiwa inyonye mikroampea kumi, ishirini, yaani sehemu ya hamsini mpaka ya mia ya hiyo. Tafuteni hiyo miliampea moja inaenda wapi.

#10 Koleo Bovu

1500 ni kwa betri orijino. Hizo za buku tatu na nusu zinaweza kuwa na 600. Hesabu nzuri juu ya betri mbovu ni hesabu mbovu. Lakini la betri ya fundi nimekuelewa, narudisha silaha nusu.

#11 Shikamoo Chuma

Mnahangaika bure. CR123A ni volti 3.7, nunua zile za kuchaji na chaja yake, unasahau habari ya kununua. Mimi mwaka sasa.

#12 Koleo Bovu

Hapana mkuu, na hili wasomaji walishike. CR123A ni lithiamu ya volti 3, haichajiwi. Ya kuchaji inaitwa RCR123A au 16340, umbo ni moja ila ni volti 3.7, na ikitoka kwenye chaja imejaa ni 4.2. Ukiipachika kwenye sensa iliyotengenezewa volti 3 unaweza kuikaanga. Na ukirudisha CR123A ya kawaida kwenye chaja kwa kukosea, inaweza kupasuka au kuwaka moto. Mtego wa namna hiyo uko pia kwenye AA: kuna ER14505, ukubwa uleule wa betri ya saa ya ukutani, lakini ni volti 3.6.

#13 Shikamoo Chuma

Mbona zangu hazijaungua?

#14 Koleo Bovu

Sensa zako zina kidhibiti volti ndani. Au bado siku.

#15 Mvuvi wa Chwaka

Mie nipo Unguja, upande wa mashariki, bahari hatua mia. Sensa ya jikoni ndio iliyonisumbua na mie. Nilipoifungua nikakuta ile springi ya upande wa hasi ina ukoko wa kijani, na sakiti inang'aa kama imepakwa mafuta. Mvuke wa sufuria, moshi, chumvi ya hewa, vyote vinakaa pale. Umeme unavuja juu kwa juu baina ya njia za sakiti, kidogo kidogo, usiku kucha. Nikaisugua kwa mswaki na spiriti ile kali ya hospitali, nikaianika kivulini siku nzima. Mwaka wa pili sasa sijaigusa.

Baba Pacha ifungue uitizame kwa tochi.

#16 Kipupwe

Mimi niko Makete na kesi yangu ni kinyume. Sensa ya geti inatumia AA mbili za alkalaini. Kila Juni na Julai, saa kumi alfajiri, ujumbe wa betri hafifu. Jua likipanda saa nne, kimya, kila kitu kijani. Mara ya kwanza nilibadilisha, wiki moja baadaye ikarudia na betri mpya. Baridi inafanya betri ya alkalaini kuwa nzito, sensa ikitaka kutuma ishara volti inazama. Niliweka AA za lithiamu zile za volti 1.5 zisizochajiwa, hizo baridi ya huku hazijui. Tatizo limekwisha.

#17 Dogo Kinyozi

Madale baridi ipo wapi mkuu, labda mama mkwe akinuna.

#18 Mtoro wa Hamburg

Msicheke, Kipupwe ana hoja. Huku Ujerumani kila nyumba ya kuishi lazima iwe na ving'amuzi vya moshi, na betri ikikaribia kufa kinalia "chirp" moja, kimya karibu dakika, "chirp" tena. Kila mtu atakuambia kinaanza saa tisa au kumi usiku, sio mchana. Ndio saa nyumba imepoa kuliko zote, na betri iliyochoka inashuka chini ya mstari. Asubuhi ikipata joto inanyamaza, unabaki unatafuta ni kipi kati ya vitano. Siku hizi wengi tumehamia kwenye vile vyenye betri ya miaka kumi iliyofungiwa ndani, ikiisha unatupa kitu kizima.

Baba Pacha naye kasema saa tisa usiku.

#19 Masafa Mafupi

Saa tisa usiku kuna maelezo mengine. Sensa nyingi zina ripoti ya kujitambulisha, zinaamka kila baada ya saa kadhaa kuiambia paneli "nipo, betri yangu iko hivi". Kama fundi aliwasha mfumo saa tisa alasiri, ripoti ya kila saa kumi na mbili itaangukia saa tisa mchana na saa tisa usiku. Joto la Dar usiku na mchana halitofautiani vya kuiangusha lithiamu.

#20 Baba Pacha

Fundi alimaliza jioni, magharibi inaingia. Sikumbuki saa.

Nimerudi na vipimo. Betri niliyoitoa juzi inasoma 2.9 kwenye multimita. Mpya inasoma 3.2. Sasa hiyo 2.9 imeisha au haijaisha? Maana kama haijaisha nimeibiwa na sensa yenyewe.

#21 Koleo Bovu

Multimita peke yake inakudanganya. Lithiamu inashikilia volti juu karibu maisha yake yote halafu inaporomoka mwishoni, tena unapima ikiwa haina mzigo. Ni sawa na kumuuliza mzee aliyekaa kitini kama ana nguvu. Mpe gunia. Chukua balbu ndogo ya tochi ya kizamani, ile ya waya ndani, iunge kwenye betri kisha pima ikiwa inawaka.

#22 Baba Pacha

Nimempa mzee gunia. Mpya: 2.9, balbu nyeupe. Ya zamani: imeanzia 2.3, ndani ya sekunde kumi iko 1.9 na balbu imekuwa kama kaa la mkaa. Kwa hiyo imeisha kweli.

Nimeifungua sensa kwa tochi kama alivyosema Mvuvi. Springi safi. Sakiti ina vumbi na mende mdogo mmoja, marehemu.

#23 Dogo Kinyozi

Mende ndiye aliyekuwa anakunywa hiyo miliampea moja. Poleni kwa msiba.

#24 Masafa Mafupi

Paneli iko sebuleni sehemu gani, na kati yake na jikoni kuna nini?

#25 Baba Pacha

Nyuma ya TV. Kati kuna ukuta wa zege, friji, na jiko lenyewe lipo nje kidogo, limeezekwa mabati.

#26 Koleo Bovu

Hapo sasa. Sensa ikituma ishara isipojibiwa, inarudia, tena kwa nguvu zaidi. Kila mlango ukifunguliwa badala ya kusema mara moja inasema mara kumi. Hamisha paneli itoke nyuma ya TV.

#27 Masafa Mafupi

Koleo, hiyo ni kwa zile za njia mbili. Za bei rahisi nyingi ni za njia moja: zinatuma, zinalala, hazina hata sikio la kusikilizia jibu. Ukuta ukiwa mnene ishara inapotea tu, betri haiathiriki. Baba Pacha, nyuma ya sensa kuna namba ya masafa?

#28 Baba Pacha

433.92.

#29 Masafa Mafupi

Basi ni ya njia moja. Hoja ya ukuta imekufa.

#30 Koleo Bovu

433 sio cheti cha njia moja. Nimefunga za 433 zinazojibizana na paneli vizuri tu. Usizike hoja ikiwa inapumua.

#31 Jirani wa Mtwapa

Nyinyi mwaumiza vichwa na betri ndogo, ile kubwa ya paneli mwaijua hali yake? Mwaka jana stima ilipotea jioni. Nikasema hakuna wasiwasi, paneli ina betri. Saa mbili hazikwisha, paneli kimya. Asubuhi mtungi wa gesi na pampu ya kisima vimeenda. Fundi alipofungua lile boksi akakuta betri ya volti 12, ampea-saa 7, imefura tumbo hadi haitoki. Alikata bati kwa msumeno. Ilikuwa na miaka sita, na aliyetufungia alilipachika boksi darini chini ya mabati.

#32 Koleo Bovu

Darini chini ya mabati ni kaburi la betri. Hizo za risasi zilizofungwa zinahesabiwa miaka mitatu mpaka mitano kwenye joto la kama nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zikipanda umri unakatika nusu. Piga hesabu dari ya Mtwapa saa nane mchana.

Kila miezi sita zima swichi ya paneli kwenye ubao wa umeme, iache ikae kwenye betri jioni nzima, kisha pima. Na ukiinunua andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito mgongoni kwake. Ikiwa kwenye chaji inatakiwa isome kama 13.5 mpaka 13.8. Ikiwa juu sana chaja yako inaipika.

#33 Shikamoo Chuma

Mimi niliunga betri ya gari. Paneli inakaa siku tatu bila umeme.

#34 Koleo Bovu

Wewe mkuu una roho ngumu. Chaja ya paneli ni ndogo, ikilala njaa hiyo betri ya gari itachukua siku nyingi kujaa, na siku zote hizo chaja inachemka. Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, sio kunyonywa mpaka chini. Na ikichaji inatoa hewa inayoshika moto. Umeiweka wapi?

#35 Shikamoo Chuma

Chini ya kitanda.

#36 Afande Mstaafu

Mungu akulinde maana alamu haitakulinda.

Niongeze na laini ya simu iliyo ndani ya paneli. Yangu ilikaa bila vocha mpaka ikafungwa. Betri zote nzima, king'ora kizima, ujumbe haukutoka. Wekeni kumbukumbu kwenye simu.

#37 Nyasi Kavu

Hakuna kipya duniani. Sisi betri ya redio ikichoka tulikuwa tunaianika juani juu ya bati, jioni unasikiliza mpira. Ikizidi kuchoka unaiuma kwa meno katikati. Ikifa kabisa unaipasua, ule unga mweusi tunasaga na majani, tunapaka ubao wa darasa. Betri moja ilikuwa na maisha matatu.

#38 Kipupwe

Na kijiti cha kaboni cha katikati unaandikia ukutani. Nyasi Kavu umesoma shule gani tupeane mkono.

#39 Binti Hesabu

Zile zilikuwa za zinki na kaboni, zimeandikwa R6 au R20 bila herufi L. Joto liliamsha kemikali kidogo, ndiyo maana mpira ulisikika. Msijaribu kwenye alkalaini (LR) wala lithiamu (CR). Kuuma lithiamu ni kutafuta moto mdomoni. Na kwa wenye sensa za AA: msiweke R6 za bei ya chini, zinaishi kidogo na zikiisha zinavuja. Wala msichanganye mpya na ya zamani, ile dhaifu inasukumwa kinyume na mwenzake mpaka inatoa maji.

#40 Nesi wa Zamu

Napita kidogo. Baba Pacha, umesema una pacha na rimoti mbili. Rimoti nyingi zina betri bapa ya CR2032. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na sio lazima ivuje: umeme wake mdogo unageuza ute kuwa kitu kikali kama magadi ya kuzibulia mabomba. Hata ile iliyoshindwa kuwasha rimoti bado inaweza kuunguza. Ukihisi tu kwamba kameza, hospitali saa hiyohiyo apigwe picha, usimtapishe, usisubiri dalili. Na zilizotumika usiziache kwenye droo ya vijiko.

#41 Baba Pacha

Dada asante sana. Nimeenda kuangalia sasa hivi, rimoti moja kifuniko kilikuwa kimelegea. Nimekifunga kwa utepe mweusi mpaka nipate skrubu.

#42 Mtoro wa Hamburg

Siku hizi kuna CR2032 zilizopakwa kitu kichungu ili mtoto ateme. Nzuri, ila ule upako unaweza kuzuia umeme kwenye baadhi ya vifaa. Apple wenyewe wanatahadharisha hivyo kwa AirTag, kile kifaa chao cha kutafutia vitu. Ukiweka betri mpya rimoti ikakataa, usiseme mara moja betri ni feki.

#43 Dogo Kinyozi

CR2032, 32 ni miaka inayokaa?

#44 Masafa Mafupi

20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene, milimita 32.

#45 Binti Hesabu

Unene 3.2, Masafa. Ya milimita 32 ungeibeba kwa toroli.

#46 Masafa Mafupi

Kidole kimeteleza. Haya.

#47 Koleo Bovu

Turudi jikoni. Baba Pacha, pima nafasi kati ya sensa na sumaku yake, ile inayoijulisha kwamba mlango umefungwa, mlango ukiwa umefungwa.

#48 Baba Pacha

Vidole viwili. Mlango ni wa mbao umelegea bawaba, na fremu fundi wa madirisha aliweka chuma. Upepo wa jioni ukija unasikia tak, tak, tak.

#49 Koleo Bovu

TAK TAK TAK! Hiyo ndiyo miliampea yako. Vidole viwili ni mbali, na chuma cha fremu kinaiba nguvu ya sumaku. Sensa iko mpakani, mlango ukitikisika kidogo tu inadhani umefunguliwa, umefungwa, umefunguliwa. Kila tak ni ujumbe.

#50 Binti Hesabu

Hili linahesabika. Tuseme kila ujumbe ni miliampea 20 kwa sekunde moja. Ili kufikisha miliampea-saa 24 kwa siku, yaani ile miliampea moja kwa saa 24, unahitaji ujumbe 4,300 na kitu, yaani tatu kila dakika, mchana na usiku. Kwa mlango unaogonga siyo ajabu. Na kwa faida ya Dogo: mama mkwe akifungua na kufunga mara 100 kwa siku, inatoka kama 1.1 tu. Mama mkwe hana hatia, tena kwa mbali.

#51 Dogo Kinyozi

Hesabu hazimjui mama mkwe.

#52 Afande Mstaafu

Nina swali la kipolisi. Kama mlango unagonga hivyo usiku kucha na sensa inadhani unafunguliwa, mbona alamu hailii usiku ikiwa imewashwa?

#53 Baba Pacha

...

Usiku zoni ya 5 naiondoa. Mama mkwe anaamka alfajiri kwenda kwenye jumuiya, anatokea jikoni, mara mbili alishalipua king'ora.

#54 Afande Mstaafu

Kwa hiyo una alamu ya sensa tisa, king'ora cha nje, laini ya simu, na mlango wa nyuma umeuacha wazi kwa wageni. Sawa. Nimeuliza tu.

#55 Mvuvi wa Chwaka

Wezi wa Madale wasisome uzi huu.

#56 Koleo Bovu

Weka mlango huo kwenye kuchelewa sekunde 30, yaani king'ora kisubiri kwanza, badala ya kuuondoa, mpe bibi rimoti azime. Kisha gongomelea kibao chini ya sumaku ikaribie, isizidi upana wa kidole kidogo.

#57 Masafa Mafupi

Kabla ya kugongomelea chochote, fanya jaribio la maana: hamisha sensa ya jikoni uipeleke chumbani, ya chumbani iende jikoni. Tatizo likihama na sensa, sensa ni mbovu. Likibaki jikoni, ni mahali.

#58 Baba Pacha

Nimewasikia. Nitarudi.

#59 Dogo Kinyozi

Natia nanga.

#60 Baba Pacha

Wakuu nimerudi, wiki ya kumi leo. Samahani kwa ukimya.

Zoni ya 5 kimya kabisa. Betri ya jikoni nimeipa gunia la balbu: 2.8. Juzi ujumbe wa betri ulikuja wa zoni ya 7, dirisha la sebuleni, ambayo haijawahi kunisumbua.

#61 Koleo Bovu

Zoni ya 7 ni betri za fundi zinafika mwisho wake halali. Badilisha zote nane kwa mpigo mmoja, uandike tarehe. Na jikoni ni sumaku, kama nilivyosema.

#62 Masafa Mafupi

Au ni sensa. Ulizibadilishana?

#63 Baba Pacha

Nilizibadilishana, na siku hiyohiyo nikagongomelea kibao cha sumaku. Na fundi wa mbao akaja kukaza bawaba. Na paneli nikaitoa nyuma ya TV.

#64 Binti Hesabu

Vitu vinne siku moja. Baba Pacha, sasa hatutajua kamwe.

#65 Masafa Mafupi

Ile sensa ya zamani ya jikoni iko chumbani, betri yake inasemaje?

#66 Baba Pacha

Haijalalamika. Ila nilipoihamisha niliisafisha kwa spiriti, si mnakumbuka yule mende.

#67 Mvuvi wa Chwaka

Niliwaambia. Spiriti.

#68 Dogo Kinyozi

Mkuu swali moja tu. Mama mkwe hajambo?

#69 Baba Pacha

Hajambo, yupo Moshi. Alikwenda kwenye msiba wiki ileile nilipofanya kazi hiyo, akabaki kuvuna mahindi. Anarudi Jumamosi.

#70 Binti Hesabu

Usiguse kitu chochote. Tia betri mpya jikoni Ijumaa usiku, andika tarehe.

#71 Dogo Kinyozi

Wadau, viti vya mbele vimebaki viwili.